Sura ya 7: Platini Inapoikuta Seleni

Watu 294 wa Kaunti ya Bomet, watu wazima wasiolalamika ugonjwa wowote wa koo, walikubali kupitishiwa kamera kwenye umio. Kimyet, yaani ugali, kilikuwa kinashuka vizuri, chai ilikuwa inashuka vizuri. Kamera yenyewe ni mrija mwembamba unaopindika, unaingizwa kinywani na kusukumwa polepole hadi karibu na tumbo. Daktari akishafika huko hunyunyiza iodini kwenye kuta za umio. Seli zenye afya huwa na akiba ya glikojeni, wanga ambao mwili hujiwekea, na wanga huo ukiguswa na iodini hugeuka kahawia iliyokolea. Seli zilizoanza kupotoka zimekwisha kupoteza akiba hiyo, kwa hiyo rangi haishiki. Panabaki kiraka kisicho na rangi katikati ya ukahawia. Daktari hukikata kipande kidogo na kukipeleka chini ya darubini. Kati ya watu hao 294, 42 walikutwa na seli zilizopotoka: karibu mmoja katika kila saba, na hakuna aliyekuwa na dalili ya kumshtua.

Kazi hiyo ilifanywa na Hospitali ya Tenwek, na matokeo yake ya kwanza, yaliyoongozwa na daktari mpasuaji Michael Mwachiro, yalichapishwa mwaka 2016. Mwaka uliofuata damu ya watu haohao ilijibu swali la pili: walikuwa na seleni kiasi gani mwilini? Jibu lilikwenda kinyume na matarajio ya waliouliza. Kwangu mimi ndilo jibu muhimu kuliko yote yaliyotoka katika milima hii ya chai kuhusu saratani ya umio, na halijasikika vya kutosha hata Kericho na Bomet kwenyewe. Lina uzito wa ziada kwa sababu mgonjwa wa saratani hiyo anapofikia hatua ya kuwekewa dripu, dawa mojawapo inayotumika ni sisplatini, yaani dawa ya platini. Na platini, kati ya vitu vyote inavyokutana navyo ndani ya mwili wa binadamu, ni vichache mno inavyovishika kwa nguvu kama seleni.

Tenwek ipo karibu na mji wa Bomet, juu ya mto Nyangores ambao maji yake huenda kuwa Mara. Wamisionari wa World Gospel Mission waliianzisha mwaka 1937, ikiwa ni zahanati tu. Kufikia mwishoni mwa karne madaktari wake walikuwa wanaona jambo lisilolingana na vitabu walivyosomea. Vitabu vilisema saratani ya umio ni ya wazee. Hapa walikuja vijana. Russell White na wenzake waliandika habari hiyo katika jarida la Lancet mwaka 2002, na baadaye orodha ikakusanywa ya wagonjwa 109 waliokuwa na miaka 30 au chini yake, wote wa hospitali hii moja, mdogo wao akiwa na miaka 14. Wengi walifika wakiwa hawawezi tena kumeza hata uji. Kwa hao wakati wa upasuaji ulikuwa umekwisha kupita, na White akawa bingwa wa kutegesha ndani ya umio kimrija cha waya wa metali kinachotanuka na kuacha njia wazi. Kimrija hicho hakiponyi. Kinamrudishia mtu chakula chake kwa miezi aliyobakiza, na familia iliyowahi kumtazama mtu wake akifa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa inajua thamani ya miezi hiyo.

Washukiwa hawakukosekana. Chai ya moto sana ilikuwa ya kwanza, na hapa inanywewa ingali inatoa mvuke; mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kumbuka kosa ni la joto, si la jani. Mursik nayo ilitajwa, maziwa yaliyochacha ndani ya sotet, yaani kibuyu, iliyosuguliwa mkaa wa mti wa senetwet, kwa sababu ya asetaldehidi inayozaliwa wakati wa kuchacha na masizi ya huo mkaa. Chang'aa ilitajwa, tumbaku pia, moshi wa jikoni, na damu ya ukoo, maana wagonjwa wengi vijana walikuwa na ndugu waliotangulia kwa ugonjwa uleule. Diana Menya wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzake walichunguza hata meno: floridi ya maji ya Bonde la Ufa huyatia meno madoa ya kahawia, na wenye madoa hayo na meno yaliyooza walionekana zaidi miongoni mwa wagonjwa. Ugonjwa huu hauishii Bomet. Unafuata ukanda mrefu kutoka Ethiopia, ukapitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na mtu akiutazama ukanda huo kwenye ramani hujikuta anawaza mawe na udongo.

Seleni iliingia kwenye orodha kupitia China. Katika mkoa wa Henan kuna wilaya iliyokuwa ikiitwa Linxian, ambako saratani ya umio ilikuwa inaua kwa kiwango cha kutisha na damu ya watu ilikuwa na seleni kidogo, wastani wa mikrogramu 73 kwa lita. Kati ya mwaka 1986 na 1991 watu 29,584 wa huko waligawiwa virutubisho vya aina mbalimbali. Kundi lililopata seleni pamoja na vitamini E na betakarotini lilikuwa na vifo vichache vya saratani, pungufu kwa asilimia 13. Damu iliyokuwa imehifadhiwa ilipopimwa baadaye, robo ya watu wenye seleni nyingi zaidi walikutwa na hatari ya saratani ya umio iliyo chini kwa zaidi ya theluthi kuliko robo ya wenye seleni kidogo. Hadithi ilikuwa imenyooka: udongo maskini, chakula maskini, umio usio na kinga. Basi ikaonekana jambo la busara kuuliza kama Bomet nayo ina upungufu uleule, na kama kidonge cha senti chache kingewaokoa wale vijana.

Watafiti wa Bomet waliwagawa watu wao katika robo nne kwa kiasi cha seleni damuni. Robo ya chini kabisa ilikuwa na watu 5 wenye seli zilizopotoka. Ya pili, 9. Ya tatu, 10. Robo ya juu, yenye seleni nyingi kuliko zote, ilikuwa na 18.

Ilikuwa Linxian iliyogeuzwa juu chini. Uwezekano wa kukutwa na seli zilizopotoka katika robo ya juu ulikuwa takribani mara tatu ya robo ya chini, na haukufutika hata baada ya kuzingatia tofauti nyingine za watu hao. Inabidi kusema pia kuwa hesabu ya watu 42 ni ndogo na hivyo makadirio yake ni mapana. Kwa ukali wa takwimu, hiyo mara tatu ingeweza kuwa juu kidogo tu ya moja, au karibu tisa. Tena watu walipimwa mara moja, damu na umio kwa pamoja, kwa hiyo hatuwezi kusema kipi kilimtangulia mwenzake. Wastani wa seleni wa Bomet, mikrogramu 85 kwa lita, hauko karibu na kiwango cha sumu. Mimi nadhani seleni ile inaweza kuwa alama ya kitu kingine kilichokuja nayo kwenye chakula. Lakini jambo moja liko wazi: wenye seleni kidogo zaidi sio waliokutwa zaidi na seli zilizopotoka. Mtu ambaye angewagawia watu wa Bomet vidonge vya seleni kwa kuiga Linxian angekuwa anatibu ugonjwa wa wilaya nyingine.

Marekani ilikwisha kupata somo hilo kwa gharama kubwa. Jaribio la wanaume 35,533, lililotaka kujua kama seleni na vitamini E huzuia saratani ya tezi dume, lilisimamishwa mwaka 2008 kwa kukosa faida yoyote. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa wanaume walioanza wakiwa tayari na seleni ya kutosha, kisha wakaongezewa, ndio waliopata zaidi ile saratani kali.

Ingekuwa rahisi kuibashiri seleni ya watu kwa kutazama ardhi wanayolima, lakini ardhi ya hapa ina tabia zake. Udongo wa Kericho na nyanda za juu za Bomet ni mwekundu, wenye kina kirefu, uliotokana na miamba ya volkano na kuoshwa na mvua kwa muda mrefu hadi ukawa na tindikali. Chai inaupenda hivyo. Mbolea ya amonia inayowekwa mashambani msimu baada ya msimu huuongezea tindikali zaidi. Sasa, seleni huweza kuwa udongoni katika hali mbili kuu. Ikiwa selenati, hutembea na maji na mzizi huinyonya. Ikiwa selenaiti, hunaswa na oksidi za chuma na alumini, zilezile zinazoupa udongo wekundu wake, na mzizi hupata kidogo sana. Tindikali huisukuma seleni upande wa kunaswa. Malawi jambo hili limepimwa: mahindi ya bonde la Shire, yaliyolimwa kwenye udongo mweusi usio na tindikali, yalikuwa na seleni nyingi kupita ya nyanda zenye udongo mwekundu. Kwa kigezo hicho mtu angetarajia watu wa milima ya chai kuwa na seleni kidogo.

Ila mkulima wa chai ni mtu wa soko. Majani mabichi yanapelekwa kituoni, yanapimwa, gari la kiwanda linayabeba, na mwisho wa mwezi pesa inanunua unga uliosagwa kutokana na mahindi ya kaunti nyingine, maharagwe ya kwingine tena, na pengine dagaa wa Ziwa Victoria, wale wanaoitwa omena. Samaki wana seleni nyingi. Nyumba mbili zinazotazamana bondeni, moja ikila mahindi ya shamba lake na nyingine ikila ya dukani, zinaweza kuwa na damu tofauti kabisa. Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaotaka kutengeneza ramani ya udongo kwanza na kuwafikiria watu baadaye. Finland iliweza kutia seleni kwenye mbolea ya nchi nzima tangu mwaka 1984 kwa sababu nchi nzima ilikuwa na upungufu unaofanana na ilikuwa inajilisha yenyewe. Bomet haiko hivyo.

Ili kuona kwa nini kitu kimoja kinaweza kuwa kinga hapa na hatari pale, inabidi tuingie ndani ya seli. Mwili wa binadamu una protini 25 tu zilizojengwa kwa seleni. Ni chache mno ukilinganisha na maelfu ya protini tulizo nazo, lakini kazi zake ni nzito: kuzima peroksidi kabla haijachoma utando wa seli, kuwasha homoni ya tezi ya shingo, kurekebisha protini zilizoharibiwa na oksijeni. Ndani ya protini hizo seleni hukaa mahali ambapo kwa kawaida pangekaa salfa. Elementi hizi mbili ni ndugu wa safu moja katika jedwali la kemia, salfa ikiwa namba 16 na seleni namba 34. Tofauti yao ni ukubwa wa atomu na ulegevu wa elektroni. Kwenye asidi amino iitwayo sisteini, salfa huikumbatia hidrojeni yake, na katika hali ya kawaida ya damu sehemu kubwa ya sisteini bado inayo. Kwenye selenosisteini, seleni imekwisha kuiachia. Imebaki wazi, ina chaji hasi, iko tayari kushambulia chochote kinachopita. Utayari huo ndio unaoifanya iwe bora katika kazi yake. Utayari huohuo huifanya iwe ya kwanza kunaswa.

Inanaswa na nini? Tuje kwenye platini.

Sisplatini ni molekuli ndogo na bapa. Katikati yake kuna atomu ya platini yenye mikono minne: miwili imeshika amonia, miwili imeshika kloridi, na kila jozi iko upande wake. Mwitaliano Michele Peyrone aliitengeneza mwaka 1844, na kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa kitu cha wanakemia peke yao. Mwaka 1965 mwanafizikia Barnett Rosenberg, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alichapisha jambo aliloliona alipopitisha umeme katika maji yenye bakteria. Bakteria waliacha kugawanyika wakarefuka hadi mara 300 ya kawaida yao. Umeme haukuwa na hatia. Vijiti vya kupitishia umeme vilikuwa vya platini, metali iliyoaminiwa kuwa haiyeyuki, na vilikuwa vimeyeyuka kidogo vikaungana na amonia na kloridi za kwenye maji. Rosenberg alifuata fununu hiyo hadi kwenye panya wenye uvimbe, na mwaka 1978 Marekani ikaidhinisha sisplatini kuwa dawa ya saratani. Leo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa saratani ya umio hutolewa mara nyingi pamoja na dawa iitwayo fluorourasili.

Inavyofanya kazi ni hivi. Damuni kuna kloridi nyingi, kwa hiyo mikono miwili ya platini inabaki imeshika kloridi zake. Ndani ya seli kloridi ni chache. Mikono inaachia, maji yanashika nafasi kwa muda, na maji hayang'ang'aniwi. Platini ikifika kwenye DNA hushika herufi mbili za guanini zilizo jirani na kuukunja uzi pale. Seli inayotaka kugawanyika haiwezi kuusoma uzi uliokunjwa, na ikishindwa kuurekebisha hufa.

Hiyo ndiyo safari inayotakiwa. Dawa iliyo nyingi haifiki huko. Platini ni metali ambayo wanakemia huiita laini, maana yake wingu lake la elektroni linabonyea kirahisi, na metali laini hupenda kushikana na atomu laini. Guanini huitolea naitrojeni, ambayo si laini sana. Salfa ni laini zaidi. Seleni ni laini kupita salfa. Kwa hiyo njiani kote, kuanzia protini za damu hadi glutathioni iliyojaa ndani ya seli, kuna salfa zinazoikamata platini kabla haijaiona DNA, na seli za saratani zilizozoea dawa mara nyingi huwa zimejiongezea salfa za aina hiyo. Na mahali pachache, penye seleni iliyo wazi, platini hukwama kabisa.

Mahali panapojulikana zaidi ni kimeng'enya kiitwacho thioredoksini redaktesi. Selenosisteini yake iko karibu mwishoni kabisa mwa mnyororo wa protini, kwenye mkia unaochezacheza, nje, bila kificho. Sisplatini huishika na kukilemaza kimeng'enya hicho. Elias Arnér na wenzake katika taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha mwaka 2003 jambo la kushangaza zaidi: kimeng'enya kilichopoteza seleni yake, au ambacho seleni yake imefungwa na kitu kingine, kinaweza kugeuka muuaji wa seli yenyewe iliyokitengeneza. Kwa maneno mengine, sehemu ya nguvu ya dawa ya platini huenda haitokani na DNA hata kidogo. Inatokana na kuiteka seleni. Ikiwa ni hivyo, kiasi cha seleni alicho nacho mgonjwa siku anapoanza dripu ni sehemu ya tiba yake, ijapokuwa mara nyingi hakipimwi.

Upendo huu wa platini na seleni haukuanzia maabara. Upo hata ndani ya mawe, hapa kwetu Afrika Mashariki. Katika eneo la Lubero, Kivu ya Kaskazini, mchanga wa mito unaochekechwa kutafuta dhahabu una chembe za platini pia, na ndani ya chembe hizo wataalamu waligundua madini ambayo hayakuwa yameandikwa popote: atomu tano za platini kwa nne za seleni. Yalitangazwa mwaka 1992 na kupewa jina luberoiti. Sijui kama kuna mwanafunzi wa kemia Butembo au Goma aliyewahi kuambiwa darasani kwamba muungano huo una jina la kwao. Angestahili kuambiwa siku ya kwanza.

Wanakemia nao wana miaka mingi wanaunda molekuli ambazo platini imeshikwa makusudi na seleni. Huita kila kinachoishika metali ligandi. Katika sisplatini ligandi ni amonia na kloridi, na katika molekuli hizi mpya moja au zaidi ya nafasi hizo huchukuliwa na kitu kinachotoa seleni, kwa mfano selenourea, ambayo ni urea iliyobadilishwa oksijeni yake. Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, nchi inayochimba platini kuliko nchi nyingine yoyote, kimekuwa na kikundi cha Klaus Koch kilichofanya kazi ya namna hii. Huko Dhahran, Saudi Arabia, kikundi cha Anvarhusein Isab kimezisoma ligandi za seleni kwa metali kadhaa.

Kuna sababu moja nzuri inayowafanya wapende kuusoma muungano huu, nayo ni kwamba unaonekana. Karibu theluthi moja ya atomu zote za platini duniani ni za uzito wa 195, na asilimia 7.6 za seleni ni za uzito wa 77. Aina hizo mbili zina viini vinavyoitikia sumaku. Ukiweka molekuli ndani ya mashine yenye sumaku kubwa, kiini cha platini na cha seleni kilichoshikana nacho huathiriana, na athari hiyo hujitokeza kwenye karatasi pande mbili za alama kuu. Mwanakemia hahitaji kukisia kama platini imeshika seleni au naitrojeni. Anaona, na anaweza kufuatilia saa baada ya saa kama mkono unaachia.

Na kuachia ndiko kwenye ugumu. Dawa ya mtindo wa sisplatini lazima iachie ili ifike kwenye DNA, na seleni haiachiwi kirahisi. Ukiifunga platini kwa seleni kila upande umetengeneza kitu imara, kizuri kwa kutandaza tabaka jembamba la selenidi ya platini ambalo wataalamu wa vifaa vya elektroniki wanalitafuta, lakini kwa mgonjwa huenda kikapita mwilini bila kufanya lolote. Njia yenye matumaini zaidi, kwa maoni yangu, ni ya wale walioacha kuiga sisplatini na kuanza kuwinda kimeng'enya chenyewe cha seleni, wakitafuta metali na ligandi zitakazofika kwenye ule mkia wa selenosisteini ndani ya seli ya saratani kabla ya kunaswa na kitu kingine.

Kwa mtu aliyelazwa na sindano mkononi swali ni jingine. Sisplatini huumiza figo. Ndiyo maana mgonjwa huongezewa maji mengi ya chumvi kabla na baada ya dawa, na hupimwa figo kabla ya kila mzunguko. Huleta kutapika kukali, na inaweza kuchukua usikivu wa masikio usirudi tena. Tangu miaka ya 1980 majaribio ya panya yameonyesha kuwa seleni ikitangulia kidogo kabla ya sisplatini hupunguza kuharibika kwa figo, na katika majaribio hayo uvimbe uliendelea kupigwa na dawa. Maelezo yanayokubalika ni yaleyale ya ulaini: ndani ya figo seleni hugeuzwa kuwa umbo linaloinasa platini na kuifunga isilete madhara. Watafiti wa China walichapisha mwaka 1997 jaribio dogo la wagonjwa ambalo nalo lilielekea upande huo. Ebseleni, dawa ya maabara iliyojengwa juu ya seleni, imejaribiwa kwa watu ili kulinda masikio dhidi ya kelele, na kuna wanaotazamia itumike pia dhidi ya madhara ya platini.

Mgonjwa wa Bomet akisikia hayo atataka kidonge, na nani atamlaumu? Vidonge vya seleni vinauzwa madukani bila karatasi ya daktari, vingi vikiwa na mikrogramu 200, wakati mtu mzima anahitaji takribani 55 kwa siku na kikomo cha usalama kinachotumiwa Marekani ni 400, chakula kikiwa ndani yake. Lakini panya wa majaribio walipewa seleni kwa kipimo na saa maalumu, dhidi ya uvimbe uliopandikizwa. Hawakuwa watu ambao pengine wameingia hospitalini na seleni ya robo ya juu. Kinachoinasa platini ndani ya figo kinaweza kuinasa ndani ya uvimbe ambao dawa imekuja kuua, na hakuna anayeweza kukuambia ni kiasi gani mpaka apime kwa wagonjwa wa hapa wenye damu ya hapa.

Jaribio la namna hiyo linawezekana kabisa. Tenwek ina kamera, ina wapasuaji, ina sifa ya kuandika inachokiona. Eldoret kuna Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, yenye wodi ya saratani na chuo kikuu mlangoni. Linalohitajika ni chupa moja ya damu kabla ya dripu ya kwanza, seleni ipimwe, mgonjwa aulizwe unga wake unatoka wapi na kama anakula omena, kisha figo, masikio na uvimbe vifuatiliwe mzunguko baada ya mzunguko. Wakati tunasubiri, mwenye mgonjwa anayekwenda kumtembelea na mfuko wa vidonge avioneshe vyote kwa daktari au muuguzi kabla havijamezwa, vikiwemo vile vilivyoandikwa kwamba ni virutubisho tu.